Mto Ndio Uliohama

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Nimevaa koti la marehemu mume wangu Osea juu ya sweta mbili na bado meno yanagongana. Foleni ya malori leo imefika hadi kwa fundi matairi. Nilivyokuwa naenda sokoni nikasoma yote yaliyoandikwa nyuma yao, kama kawaida yangu. Osea ndiye alinifundisha hivyo. Dereva mzima, mke wake hajui a wala be. Tukakwama foleni siku tatu, akanionyesha lori la mbele — hii ni M, imekaa kama vilima viwili. Shule yangu ndiyo hiyo. Mpaka leo naandika herufi kubwa kubwa na kaunta buku linaisha upesi.

Kwenye dirisha la mpakani wamenirudisha tena. Mara ya tatu tangu Pasaka. Kijana wa pale ana adabu, sikatai. Aliniamkia kwanza, ndipo akanikataa. Bibi, kitambulisho. Nikasema nina barua ya mwenyekiti wa mtaa. Akasema barua si kitambulisho. Nikamwuliza, mama yako akikufungulia mlango anakudai kitambulisho? Akacheka sana. Hakunipitisha.

Zamani tulikuwa tunapita tu. Watu walikuwa na jiko Tanzania na choo Zambia, nani alijali. Siku hizi kila kichochoro kina askari, na magoti yangu hayawezi kukimbizwa.

Ruti wangu yuko upande wa pili, Nakonde, na tumbo limemfika puani. Mtoto wa kwanza. Kliniki wamesema mwisho wa mwezi huu. Mama mkwe wake alishafariki. Nani atamwogesha mtoto? Nani atamkanda Ruti na maji ya moto? Ni mimi. Nikisimama juu ya magunia ya maharage naliona bati la nyumba yao. Kuliona tu.

Jumatano, 4 Juni

Kikundi chetu cha wauza nafaka kimeletewa mtu. Anaitwa Eliakim, ametokea Vwawa, ana kizibao cha kijani na tumbo linalomtangulia. Amekuja kutufundisha kitu cha kwenye simu. Ni majaribio, kwa akina mama arobaini wa mpakani. Kinaitwa Ndimi. Nilidhani ni zile ndimi za walokole nikaanza kukusanya kanga zangu. Akasema hapana mama, ni kama kusema "ndiye mimi". Nikakaa.

Alivyoeleza, na mimi nilivyoelewa, ni hivi. Kitambulisho cha siku zote kinakaa ofisini, wewe unabeba kivuli chake. Wakikosea wao, umeharibika wewe. Hiki kinakaa ndani ya simu yako mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa anatia saini kwamba naishi hapa. Kikundi kinatia saini kwamba nauza maharage sokoni miaka kumi na tisa. Zahanati inatia saini kwamba nimechanjwa. Wakishatia, kazi yao imeisha. Mtu wa dirishani akitaka kujua jambo, mimi ndiye ninayemfungulia hilo moja. Mengine nafunga.

Nikauliza, akitaka kujua umri? Eliakim akasema simu itajibu tu kwamba huyu ni mtu mzima. Haitaji miaka.

Nikasema niandike wa kwanza.

Zakia, jirani yangu wa meza, muuza vitenge, mtu wa Kondoa na mkali kwa maswali, akauliza bosi wa kitu hicho ni nani. Eliakim akasema hakuna bosi. Kumbukumbu za saini ziko kwenye kompyuta nyingi, nchi nyingi, hakuna iliyo kubwa kuliko mwenzake. Moja ikizimika nyingine zinaendelea. Nikamwambia Zakia, ni kama kwaya yetu tangu mwalimu alipohamia Mbeya. Hakuna anayeongoza na wimbo hauishi. Akasema, ndiyo maana mnaimba vibaya.

Halafu nikauliza la kwangu. Nikipoteza simu je? Kwenda ofisi gani? Akasema mama, hapo ndipo penyewe. Hakuna ofisi ya kwenda kulia. Kuna maneno kumi na mawili ya siri utakayopewa, na kuna mashahidi watatu utakaowachagua mwenyewe. Basi.

Limenipendeza na limenitisha, yote mawili kwa pamoja. Nikampa Eliakim sahani ya ugali na maharage nikamwambia apunguze kula. Alikula yote.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Zakia ametuita kwa pilau. Nimekula mpaka nikafungua kifungo cha koti la Osea.

Eliakim alikuja na simu yangu, ile ya kupangusa niliyoachiwa na mkwe. Amenitengenezea kila kitu pale pale mkekani. Saini zimeingia moja moja, kila ikiingia simu inalia kama kifaranga. Tusekile, mkazi wa Tunduma. Kifaranga. Tusekile, mfanyabiashara wa nafaka. Kifaranga. Sijaona jina langu likiandikwa hivyo siku nyingi. Hapa mimi ni Mama Ruti tu. Kuna wateja wa miaka kumi hawajui kama nina jina.

Kisha mashahidi. Watu watatu ambao siku nikipotea watasema: ndiye. Wawili kati ya watatu wakibonyeza, nimepatikana. Nikasema, kwanza Zakia. Akajifanya anafikiria. Pili Yesaya, mzee wa kanisa. Ruti nilimtaka lakini laini ya Zambia haijaingia kwenye majaribio. Wa tatu nani?

Nikahesabu kwa vidole. Unaweza kuuza maharage miaka kumi na tisa halafu ukatafuta mtu wa tatu anayekujua usimpate.

Nikasema, weka Erica.

Zakia akaacha kutafuna. Yule dada yako wa Isongole? Yule yule?

Yule yule. Acha niandike jambo hili lote hapa, labda litapungua. Erica ni mkubwa wangu kwa miaka saba. Tulizaliwa bondeni, karibu na mto ambao ndio mpaka, kwenye shamba la babu. Mimi nilipokuwa bado natambaa mvua kubwa ilikuja na mto ukaacha njia yake. Ukakata nyuma ya nyumba yetu. Tulilala tukiwa upande huu, tukaamka mto uko mgongoni. Baba akasema hatuishi ng'ambo, tukavuka kurudi, nyumba ikabaki kule. Mpaka leo mahali nilipozaliwa ni nchi ya watu. Mimi sikuhama popote. Mto ndio uliohama.

Sasa, miaka minne iliyopita walikuja watu wa kuhakiki uraia. Wakamwuliza Erica kama mkubwa wa ukoo: mdogo wako alizaliwa wapi? Yeye, badala ya kusema hapa hapa Ileje, akanyoosha kidole ng'ambo ya maji. Wakaandika nchi jirani. Mimi nikafutwa. Nilimpigia nikamwambia mambo ambayo hata daftari hili siliambii. Tangu siku hiyo hajasikia shikamoo yangu. Kwenye simu nimeandika jina lake MSEMA KWELI, kwa kejeli.

Eliakim akauliza, kama mmegombana kwa nini awe shahidi? Nikamwambia, ili apate ujumbe. Ajue kwamba nimeandikwa, na kidole chake hakikufika huku.

Zakia akasema dada, una roho ya korosho wewe. Akaniongezea nyama.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Nimerudi, simu imelia kifaranga.

Erica amekubali kuwa shahidi wako.

Neno lingine hakuna. Si salamu, si swali. Amebonyeza tu.

Sijui nilitaka nini. Nilitaka akasirike, nadhani. Nimechemsha viazi, vimeungua.

Alhamisi, 12 Juni

Nimevuka.

Kijana wa dirishani alishika kimashine chake, nikaweka simu juu, ikaja alama ya kijani. Akasema karibu bibi Tusekile. Bibi Tusekile! Kisha udadisi ukamzidi akauliza, kwani bibi una miaka mingapi? Nikamwambia uliza simu. Akauliza. Simu ikasema: mtu mzima. Foleni nzima ikacheka, hata dereva mmoja Mkongo ambaye nina hakika hakuelewa.

Ruti ameota mashavu. Miguu imevimba, nimemkanda. Mkwe wangu aliniletea kiti na kuniita mayo, yaani mama kwa lugha ya kwao, kila sentensi mayo. Ni mtu mwema, ila chai yake haina majani. Mtoto alinipiga teke mkononi. Anajua mimi ni nani, yeye hakutaka saini.

Ruti akauliza taratibu, mama, na mama mkubwa Erica atakuja kumwona mtoto? Nikasema maji ya kukanda yamepoa, nikatoka nje kuyapasha.

Kuhusu yale maneno kumi na mawili. Eliakim alisema niyaandike kwenye karatasi niifiche. Nyumbani kwangu karatasi haifichiki. Ama panya ama Zakia, maana Zakia husoma kila kitu, hata risiti ya umeme wa luku. Hapa pia siandiki, daftari hili huwa wazi mezani. Nimeyaweka kichwani. Sikwenda shule, kichwa changu ndicho kabati langu. Na kitu hakikai kichwani mwangu bila sauti, kwa hiyo nimeyapa sauti. Ninapochambua maharage nayaimba kidogo kidogo, polepole, ya kwanza hadi ya mwisho. Siku ya tatu leo. Hayatoki tena hata kwa nyundo.

Jumanne, 17 Juni

Soko zuri. Zakia ameanza kunipokea ninapoimba. Ana sauti ya pili nzuri kwa mtu anayesema kwaya yetu mbaya. Hajui ni nini, anadhani ni wimbo wa kwetu, wa Kindali, wa kuchekesha. Niliona hakuna ubaya, maneno ni maneno.

Alhamisi, 19 Juni

Naandika nikicheka au nikilia, sijui.

Asubuhi Eliakim alikuja kuangalia maendeleo. Safu yetu yote ya nafaka ilikuwa inachambua maharage. Wanawake wanane. Na wote wanane walikuwa wanaimba, tena kwa mapozi, na mama mmoja wa Nakonde anapiga makofi:

Jiwe, kofia, mvua, shangazi,
ufagio, nyuki, chumvi, daraja,
sufuria, mbegu, ndizi, kaka.

Naweza kuyaandika sasa, yamekufa.

Wameshatia na maana. Yule mama wa Nakonde alitafsiriwa kwamba wimbo ni wa shangazi mkorofi aliyefagia nyuki mpaka wakamfukuza juu ya daraja. Huyo kaka wa mwisho ndiye anayemwokoa. Kuna mpaka mtindo wa kucheza, mkono mmoja ufagio, mwingine kofia.

Eliakim alisimama. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Akauliza kwa sauti ndogo sana, mama Ruti, wimbo huo mmeutoa wapi? Nikasema kwa fahari, wangu huo. Akaketi juu ya gunia la watu.

Mama, akasema. Hizo ndizo funguo zako.

Nikasema najua, nimezihifadhi.

Akasema mama, umezihifadhi kwenye vichwa vya soko zima.

Basi akanieleza tena, polepole. Mwenye maneno hayo kumi na mawili, kwa mpangilio huo, anaweza kuyaweka kwenye simu yake na akawa mimi. Akapita dirishani kama Tusekile. Aweke saini kama Tusekile. Nikatazama wale wanawake wanane. Nikamwona kila mmoja ni Tusekile. Zakia akasema kama ni mimi, ningekuwa Tusekile mwembamba.

Nikamwambia Eliakim, si ninyi ndio mabosi, badilisheni basi. Akasema mama, si tulikubaliana hakuna bosi? Mimi siwezi kukugusa. Wewe mwenyewe ndiye unafunga. Na ili upate maneno mapya, mashahidi wako wawili kati ya watatu wathibitishe.

Nimefunga, kwa kidole changu. Kwenye kioo kuna kufuli jekundu. Mpaka kufuli litoke, dirishani mimi si mtu.

Ruti amebakiza siku kumi, au pungufu.

Jumamosi, 21 Juni

Zakia amebonyeza siku ile ile, kabla sijamaliza kumwomba. Maelekezo yanasema shahidi asibonyeze mpaka asikie sauti ya mtu na amwulize jambo ambalo wengine hawalijui. Zakia akaniuliza, siku mume wangu alipofariki nani alilala chini mlangoni kwangu siku arobaini? Nikasema mimi, na mgongo haujapona mpaka leo. Akabonyeza. Kisha akaenda kupanga vitenge vilivyokuwa vimepangwa tayari.

Yesaya hapatikani. Nimekwenda kwake, mkewe ameniambia yuko Galula kwa mwanawe anayechimba dhahabu. Simu yake imedumbukia kwenye tope la shimo. Atarudi mwezi ujao Mungu akipenda. Mzee wa miaka sabini shimoni anatafuta nini? Nikamwambia mkewe hivyo hivyo. Akasema hata yeye ameuliza.

Amebaki mmoja.

Eliakim amenisaidia kumtumia Erica ombi. Limefika. Hajabonyeza.

Jumapili, 22 Juni

Hajabonyeza. Nimekwenda ibada zote mbili. Mahubiri yalikuwa ya ndugu, mchungaji amenitazama mimi tu. Labda nilikaa mbele mno.

Jumatatu, 23 Juni

Hajabonyeza.

Zakia anasema, mpigie. Nikasema anayo namba yangu. Zakia akasema dada, yeye ndiye mwenye mlango, wewe ndiye unayebisha hodi. Nimechambua debe zima bila kuimba. Wale wengine bado wanaimba.

Jumanne, 24 Juni

Amepiga.

Ilikuwa saa nne, nina mteja mbele. Kioo kikaandika MSEMA KWELI. Nikapokea nikasema haloo, kavu, kama napokea simu ya mtu wa maji. Nikasikia kuku wake. Miaka minne, na kuku wake nawajua kwa sauti.

Hakulaumu. Hakuuliza shikamoo yake iko wapi. Alisema, Tusekile, karatasi ya Barnaba inasema nikuulize jambo. Barnaba ni mwanawe, ndiye aliyemsomea maelekezo. Na Erica akiambiwa fanya hivi, atafanya hivyo hivyo, hata mbingu ianguke. Ndivyo alivyo. Ukimwuliza mahali, anaonyesha mahali.

Akasema, siku tulipovuka mto, nani alikubeba?

Nikasema hilo swali gani. Akasema ndilo swali langu. Halafu akasema, taratibu, kama anaongea na mtoto: Na mimi sikutaja nchi, Tusekile. Waliniuliza ulizaliwa wapi, nikaonyesha mwembe wa babu. Ule bado upo. Nchi waliandika wao.

Nilikata simu.

Nilimwambia mteja mtandao umekatika. Nikampimia maharage mara mbili, akaondoka upesi kabla sijashtuka.

Jumatano, 25 Juni

Nimeamka na swali lake.

Nalijua jibu. Mama alikuwa anatusimulia kila mwaka mvua zikianza. Baba alishika ng'ombe. Mama alibeba jiwe la kusagia kichwani na mbegu za ulezi mgongoni, maana bila hivyo tungekufa tu mbele ya safari. Mgongo ukawa umejaa. Basi nikafungwa mgongoni mwa Erica. Mtoto wa miaka saba. Maji yalimfika hapa, mama alikuwa anaonyesha, chini ya shingo. Baba alipiga kelele ageuke arudi, hakugeuka. Aliambiwa vuka, akavuka.

Sikuwahi kuiona hivyo. Nilikuwa naisikia kama hadithi ya jiwe la kusagia.

Zakia amenikuta nimekaa. Nikamweleza yote. Hakufanya utani hata mmoja, jambo ambalo limenitia hofu. Akasema, sasa si umpigie umjibu, neno lenyewe moja tu? Nikasema ndiyo. Moja tu. Nikashika simu, nikaiweka. Nikashika, nikaiweka. Betri ikaisha kwa kushikwa.

Kesho.

Alhamisi, 26 Juni

Niko dirishani, nje, kwenye ukingo wa saruji. Naandika magotini.

Mkwe amepiga asubuhi saa moja. Mayo, chupa imepasuka. Nilikuwa nimeshafunga mzigo tangu juzi: beseni, mafuta, kanga sita laini, kitenge kutoka kwa Zakia ambacho hakutaka nikiulizie bei. Nimekuja mbio, mbio zangu. Kijana wa dirishani akaweka simu kwenye kimashine, kufuli jekundu. Akaweka tena. Jekundu. Akasema bibi, ningekuwa na uwezo. Nikamwambia najua mwanangu. Na kweli najua. Hana. Wala Eliakim hana, amekuja na kizibao chake na amesimama tu pale kama mtu msibani. Hakuna mkubwa wa kumpigia. Nilikipenda kitu hiki kwa sababu hiyo hiyo.

Nimempigia Erica mara nne. Haipokelewi. Mara ya tano amepokea Barnaba. Mama yuko shamba la juu anavuna maharage, simu huwa anaiacha ndani ya kabati, imefungwa kwenye leso. Nikamwambia mkimbizie. Akasema shangazi — huwa anakosea kuniita, mimi ni mama yake mdogo — shangazi, ni mlima. Nikasema mlima naujua, nimekulia hapo, kimbia.

Saa nne na nusu. Zakia amefunga meza yake akaja na uji. Mkwe ametuma ujumbe, uchungu umekaribiana. Ruti anaita mama. Mama yupo hapa, mita mia tatu, naliona bati.

Nimekuwa nafanya mazoezi. Wewe. Wewe. Ni wewe. Nimelisema mara nyingi mpaka kijana wa dirishani akatoa kichwa akauliza, mimi bibi? Zakia akacheka mpaka uji ukamwagika. Kisha akaniangalia.

Dada, akasema, huwezi kupigiwa na mkubwa wako ukamwanza na "wewe".

Nikasema sasa nianze na nini? Swali la kijinga. Nilijua nilipokuwa naliuliza.

Miaka minne. Neno lenyewe kila mtu hapa ananipa bure, hata madereva wa malori. Mimi nimelifungia mmoja tu.

Saa tano kasoro. Baridi haipo, natoka jasho ndani ya koti la Osea. Kule safu ya nafaka upepo unaleta ule wimbo, shangazi na ufagio wake, hawachoki.

Inaita. Kioo kimeandika MSEMA KWELI. Nitalibadilisha jina hilo. Au nitaliacha. Zakia ananisukuma bega, herufi zinakwenda kombo. Nimepokea. Erica anahema, nasikia ameshuka mlima mbio. Shikamoo kwanza, halafu jibu.